Tulisema Hatujambo

Dada yangu, mama wa pili wa mwanangu,

Pokea salamu zangu nyingi, uzipokee kwa mikono miwili kama ulivyokuwa ukinipokea mzigo kichwani tulipokuwa wadogo. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na shemeji na wajukuu wote, na kwamba lile goti lako limeacha kukutabiria mvua. Ukitaka kujua habari za huku, sisi hatujambo, tunaendelea vizuri, ila tu yale machache yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua umeshautazama mwandiko huu ukajiuliza ni kuku gani kapita hapa na matope. Ni mimi, dada, usicheke. Barua zangu zote ulizowahi kupata aliziandika mwanao, huyu binti yangu, mimi nikisema na yeye akininyoosha nilipopinda. Hii naiandika peke yangu, kwa elimu yangu ile iliyoishia pale ilipoanza. Kila asubuhi akishaondoka kwenda hospitali kwenye mazoezi ya mkono, naandika kidogo, kisha naificha chini ya godoro. Simu sikuitaka. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, na haya sitaki ayasikie kupitia ukutani. Mistari ikiteremka, ifuate tu inakoteremka.

Tulipokupigia siku zile tulikuambia tumegongwa kidogo, ukatushukuria Mungu. Nikueleze vizuri sasa. Tulikuwa tunatoka sokoni kununua nywele za kusukia. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na msimu huo saluni ya mwanao haina pa kutema mate, kila mama kaja na wanawe wote wamefuatana kama bata. Mizigo ilikuwa mingi, tukachukua teksi ya yule mzee jirani yetu anayeendesha polepole mpaka watu wamembandika jina la Mzee Harusi, maana ukipanda gari lake utadhani kuna bibi arusi nyuma. Mwanao alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma, dirishani, na mafurushi ya nywele yamenibana.

Tulikuwa tumesimama kwenye njia panda. Mzee kawasha taa ya kukata kulia, anangoja apewe njia. Lori la kampuni ya magodoro likaja kwa nyuma, sikuliona. Nilichoona ni shingo ya mwanao ikienda mbele na kurudi nyuma, kama ya kuku anayedonoa, halafu kila kitu kikawa kimya. Dada, kimya kile sijawahi kukisikia tena. Watu walikuwa bado hawajaanza kukimbilia. Kitu pekee kilichokuwa na sauti duniani ni ile taa ya kukata kona: tik, tik, tik, tik. Gari limekunjwa nyuma kama karatasi, sisi tumekaa hatusemi, na yenyewe inaendelea kuomba njia kana kwamba tutakata kona sasa hivi twende zetu nyumbani.

Kisha watu wakaja, na magodoro yalikuwa yametapakaa barabara nzima, na nywele zetu juu yake, nyeusi na nyekundu. Mtu mmoja akasema kama kugongwa hakuepukiki basi heri ugongwe na magodoro, ukianguka umeshatandikiwa. Watu wakacheka. Na sisi tukacheka. Mtu akijikuta yu hai anacheka chochote.

Askari wa barabarani alipofika alitusalimu kwa adabu, hamjambo, tukaitikia hatujambo. Akauliza kama kuna aliyeumia. Mwanao akageuka kwa mwili mzima, maana shingo haikugeuka, akaniuliza mimi kwanza. Nikamwambia sijambo. Yeye naye akamwambia askari hajambo, ila shingo kama imeshtuka. Askari aliandika ile ya kwanza. Ile ya shingo hakuiandika, alikuwa ameshafunga kalamu.

Wewe na mimi tumelelewa na mama mmoja. Mtu akikuuliza hujambo, hata kama unatoka makaburini, unasema sijambo kwanza. Mengine yanafuata ukishapewa kiti. Unakumbuka mama alivyokuwa akitufinya tukianza na shida kabla ya salamu. Kumbe kuna watu kazi yao ni kuandika lile jibu la kwanza na kuondoka kabla ya la pili.

Usiku ule mwanao hakulala. Kesho yake nikamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, nikaenda duka la dawa nikamletea vidonge vya maumivu. Nilimwambia twende hospitali. Akasema kule foleni inakula siku nzima, na yeye vichwa vinamsubiri, na kichwa kikishaahidiwa kinasukwa, mteja wa msusi ni kama njiwa, ukikosa kumtupia punje leo, kesho yuko kwenye paa la jirani. Akasema ataenda Jumatatu. Jumatatu ikaja na watoto wake wa shule, ikapita. Akasema Jumatatu nyingine. Mimi nikaona anasimama, anakula, anapiga soga na wateja, nikasema basi maumivu ya kugongwa yataisha kama yalivyokuja.

Siku hizo akaja mgeni. Alikuwa mtu wa bima ya lile lori. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu kavivua mlangoni bila kuambiwa, na mkononi mfuko wa machungwa. Alisema pole kwangu, pole kwa mwanao, pole kwa Mzee Harusi aliyekuwa amekuja kututazama, na paka alipopita nadhani naye alipewa yake. Alipoondoka tukamwita Bwana Pole, na mpaka leo jina lake halisi sijalishika.

Alitaka kujua tunaendeleaje. Ungetaka tumwambie nini mgeni aliyekuja na machungwa? Tukamwambia tunaendelea vizuri. Mwanao akainuka kwenda kuchemsha chai. Nilimwona akirudi na sinia, vikombe vyote juu yake, kaliegemeza kwenye nyonga na mdomo kauuma, na mkono wa kulia unatetemeka mpaka vijiko vinaimba. Mimi nilikuwa natazama mkono. Bwana Pole alikuwa anatazama sinia. Akamuuliza kazi inakwendaje, mwanao akasema anamshukuru Mungu, wateja wapo.

Halafu akanigeukia mimi, akicheka, akasema na wewe mama usije ukaniambia mwezi ujao nawe unaumwa, maana kuna koo nyingine akigongwa mmoja wanaumwa mpaka wajomba walioko safarini. Tukacheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikammiminia kikombe cha pili.

Wiki zikapita hivyo. Mwanao akawa anasuka amekaa badala ya kusimama, akawa analala na shuka limekunjwa chini ya shingo, na ukimuuliza anasema hajambo. Mpaka siku aliyokuwa akimalizia kichwa cha mwalimu mmoja. Unajua mtu akishasukwa, zile ncha za nywele zinachovywa kwenye maji yaliyochemka ili zisifumuke. Mwanao akachovya ncha, na vidole vikaingia pamoja na ncha, vikabaki mle. Alikuwa anaongea, anacheka habari fulani. Mvuke unapanda, ngozi inabadilika rangi, na yeye anaongea. Mwalimu ndiye aliyemwambia wewe, mkono. Mwanao akautazama kama anatazama mkono wa mtu mwingine uliosahauliwa kwenye beseni.

Siku hiyo ndiyo tulikwenda hospitali.

Daktari alimpiga picha za shingo, akatuonyesha. Alisema kile kitu laini kilichoko kati ya mfupa na mfupa kimetoka mahali pake kwa kile kishindo, sasa kinaubana mshipa wa fahamu unaoshuka mkononi. Lazima apasuliwe, na mshipa hauna subira, ukibanwa muda mrefu mkono utabaki pambo. Akatuuliza kwa upole tulikuwa wapi siku zote hizo. Akasema majeraha ya gari mengine ni kama mgeni mwenye haya, siku ya kwanza hagongi mlango, hasa ya shingo na ya kichwa, na kwa watu wenye umri kama wetu mimi na wewe, ya kichwa ndiyo yanachelewa zaidi, damu inavuja tone kwa tone mtu anadhani ni uzee. Akasema picha ikipigwa jicho la mjuzi linatambua damu ya jana na damu ya zamani. Halafu akanitazama, akaniuliza kama nami nilikuwamo garini. Nikamwambia ndiyo, lakini sijambo, daktari.

Upasuaji ule ni mkubwa kuliko sisi, hata tukiuza nyumba na paka wake. Tumaini letu ni bima ya lori, maana lori ndilo lililotugonga, hilo hata wao hawalikatai. Wanalolikataa ni shingo. Waliandika kwamba wanasikitika sana, lakini mtu aliyeumia siku ile angekwenda hospitali siku ile, au kesho yake, na huyu alikwenda baada ya majuma mengi, tena akiwa na mkono ulioungua kwa maji ya kazini kwake mwenyewe. Wakasema alimwambia askari hajambo. Wakasema mtu wao alifika nyumbani kutujulia hali, akamkuta msichana ana afya, anabeba sinia la chai, na kazi inakwenda vizuri. Dada, ile chai. Nimepika chai maisha yangu yote, sikujua inaweza kusimama ikatoa ushahidi.

Tumepata wakili, msichana wa rika la mwanao, ana sauti ndogo lakini haachi kitu kipite. Yeye ndiye aliyenieleza jambo hili nikalielewa. Alisema kuchelewa hospitali hakuui dai, ila kunalilemaza. Akasema kati ya siku ya ajali na siku ya daktari kuna pengo, na pengo lile ndilo shamba lao, watapanda humo watakacho. Watasema aliteleza bafuni. Watasema alibeba ndoo. Watasema msusi anainama mchana kutwa, shingo yake ingekufa tu hata kama lori lisingezaliwa. Na sisi hatuna karatasi hata moja ya daktari ya kuziba pengo hilo, tuna vidonge vya dukani ambavyo hakuna aliyeuliza ni vya nani. Mtu akiwahi hospitali, alisema, hata akiambiwa hana kitu, siku yake imeandikwa. Sisi siku zetu hazikuandikwa popote, ni kama hatukuziishi.

Mzee Harusi amejitolea kutoa ushahidi, lakini yeye siku ile alikuwa anaomboleza gari lake, hakumtazama mwanao. Wateja wakiulizwa wanasema alikuwa anasuka kama kawaida, na wanasema hivyo kwa wema, wanadhani wanamsifia. Mmoja tu ndiye aliyekumbuka kwamba nywele zake zilikuwa zimelegea zikafumuka mapema, na hata huyo alisema kwa aibu, kama anamsengenya.

Nimeshakuambia habari za machungwa? Nadhani nimeshakuambia.

Mwanao sasa amefunga saluni. Anakaa kitako mlangoni, mkono wa kulia kaulaza mapajani kama mtoto aliyelala, na ule wa kushoto unausugua. Wanapita watoto wa shule wamesukwa na watu wengine, anawatazama vichwa. Mara moja tu alisema, mama, yule wamempasua njia za nywele vibaya, zitamuuma akilala. Nilikwenda jikoni nikafungulia bomba nisimsikie.

Na hapo ndipo nirudi kwenye ile sauti. Haikubaki barabarani. Mwanzoni nilidhani ni bomba linadondoka, nikalifunga kwa kitambaa. Nikadhani ni saa ya ukutani, nikaitoa betri, sasa nyumba nzima haijui saa ngapi na sauti iko palepale. Tik, tik, tik. Nikilala ubavu wa kushoto inakuja karibu, kama gari limeegeshwa ndani ya mto. Mwanao nimemwuliza kama anasikia, akatega sikio, akasema mama hakuna kitu. Nikajiambia ni hofu, ni roho yangu imebaki kwenye ile njia panda, inaomba njia na hakuna anayeipa.

Juzi nilikwenda dukani kununua sabuni, nikajikuta nimesimama katikati ya barabara yetu hiihii niliyoifagia miaka yote, nimeshika sabuni, na sijui kama ndio naenda au ndio narudi. Nyumba zote zilikuwa zimegeuza nyuso. Mtoto wa jirani akaniamkia, shikamoo, nikaitikia, kisha nikamfuata kwa nyuma kama mwana-kondoo mpaka nikauona mlango wetu. Jana kikombe kiliteremka mkononi, sikukiangusha, kiliteremka tu. Na kalamu hii, dada, naishika kwa kuitazama, nisipoitazama sijui kama iko.

Sasa nikuambie lile nililoshikia kalamu.

Siku ile ya lori, kichwa changu kilipiga kioo cha dirisha. Kilipiga vibaya. Niliona mchana umekuwa mweupe, kisha mweusi, na niliporudi ndipo nikaisikia ile taa. Juu ya sikio la kushoto pakavimba, mpaka jioni palikuwa na uvimbe kama ndimu. Lakini mwanao alipogeuka kuniuliza, kageuka mwili mzima na macho yamemtoka, ningemwambia nini? Nilimwambia sijambo, nikafunga kilemba kikubwa, na tangu siku hiyo sijakivua mbele yake ila mara moja tu.

Mara hiyo ni wiki ileile ya ajali. Unajua ada yetu, mwisho wa wiki akishamaliza vichwa vya watu ananisuka mimi. Nilijaribu kumkwepa, akaja na kiti na kitana, akanikalisha chini katikati ya magoti yake. Nilikuwa nimeshatunga uongo wangu, niseme nimejigonga kwenye mlango wa kabati. Maana wewe unavijua vidole vya mtoto yule. Vidole vile viligundua homa ya mtoto wa jirani kabla ya mama yake. Kichwani kwako, ulipokuja mara ya mwisho, viligusa tu akakwambia mama mkubwa, wewe hulali vizuri, ukakubali. Kichwa hakimfichi kitu.

Akaanza kupasua njia. Nikavisikia vidole vinakuja, vinakuja, nikabana pumzi. Vikafika kwenye uvimbe. Vikapita. Dada, vilipita juu yake kama mtu anayevuka uwanja tambarare. Akapitisha kitana hapohapo, nikauma upindo wa kanga nisipige kelele, naye, macho mlangoni kama kawaida yake maana husuka kwa vidole, anaendelea kunisimulia habari za mteja fulani aliyetaka kusukwa kama dada yake halafu akalia kwa sababu amefanana na dada yake. Akaniambia mama mbona umekaza shingo kama unanyolewa? Akacheka. Akarudi palepale kwa mara ya pili, akaukunja msuko juu ya ndimu ile, akaumaliza.

Pale nilijua. Kabla ya beseni la maji ya moto, kabla ya daktari na picha zake, nilijua vidole vya mwanangu vimekufa. Na sikusema. Maana kumwambia vidole vyako havisikii ni kumwambia kichwa changu kimevimba, mambo mawili yalikuwa kwenye chungu kimoja, ukifunua moja umefunua yote. Nikakifunga kilemba, nikamwambia asante mwanangu, umenisuka vizuri, na kila wiki baada ya hapo nikamwambia msuko bado unadumu.

Wakili wiki iliyopita alinikalisha peke yangu, akaniambia mama, fikiri sana. Je, kuna siku yoyote ndani ya pengo lile, kabla ya hospitali, uliyoona kwa macho yako kwamba mkono ule hausikii? Si alichokuambia yeye, ulichokiona wewe. Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa sihitaji kufikiri.

Nilichokihofia ni Bwana Pole. Nikisimama mbele ya watu nikasema haya, si ndio yale aliyoyasema akicheka na kikombe changu mkononi? Mama naye kaumwa, tena baada ya miezi yote hii, wajomba watafuata. Watasema tumekaa jikoni tumeshona hadithi, na ushahidi wangu wote juu ya mwanangu utatupwa pamoja nayo. Kwa hiyo nikajiambia nivumilie, kesi ipite kwanza, mkono upasuliwe, halafu nitatafuta daktari wa kichwa polepole bila kelele. Kila kikiuma nikajiambia bado kidogo. Mpaka asubuhi moja nikiandika barua hii nilifika pale wakili aliposema pengo ni shamba lao, nikaisoma, kalamu ikasimama. Dada, mimi nalima pengo jingine. Namlinda mwanangu kwa kufanya lilelile lililomponza.

Basi nimeamua, na kwa sababu nimekuandikia wewe sitaweza kurudi nyuma. Daktari alisema damu ya zamani inatambulikana. Kama ipo kichwani mwangu damu ya siku ile, basi hiyo haikumwambia askari hajambo, wala haikumpikia mtu chai. Wakisema wakili nami tumeitunga, waiulize yenyewe. Na kama hawataamini bado, nitakuwa nimesema. Naanza na daktari, kisha wakili. Na kabla ya wote hao ni mwanangu. Leo akirudi kutoka kwenye mazoezi nitavua kilemba, nitaushika mkono wake wa kulia niuweke pale, nimwambie ulipita hapa mara mbili. Daktari simwogopi, dada. Naogopa uso wa mtoto yule.

Ninalokuomba ni kwamba uje. Usingoje goti lipone. Mwanao hawezi kuniinua kwa mkono mmoja, na kama watanipasua kichwa nataka nikizinduka nikute mtu aliyenijua kabla sijawa mama wa mtu. Ukifika ukaona nakutazama kama mgeni, usilie, niite lile jina ulilonipa utotoni kwa vile nilikuwa sinyamazi, nitaitika. Nikikuuliza hujambo, niambie kwanza panapouma, salamu tutazitafuta baadaye. Na wajukuu wako wafundishe hivyohivyo, mama huko aliko atatusamehe.

Barua hii ataileta Mzee Harusi, ana safari ya huko kesho kutwa. Atakupa mkononi, usimpe chai akaanza soga, mshikishe njia arudi nawe. Kesho asubuhi ananipeleka hospitali kwanza. Gari limenyooshwa, limepakwa rangi, hutalijua. Nimemwomba jambo moja tu, tukifika pale pa kukata kona kuingia hospitali, asiiwashe ile taa, aombe njia kwa mkono tu. Akaniuliza kwa nini. Nimemwambia nitamweleza nikishapewa kiti.

Wasalimie shemeji na wajukuu, kila mtu kwa jina lake, nami nitakayemsahau anisamehe. Nimerudia kusoma pale juu nilipoandika kwamba hatujambo, nikataka kupafuta. Nimepaacha, ndivyo tulivyolelewa. Ila wewe usiishie pale.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Chiriku